Miaka 27 nataka kuanza fensi (ya upanga, sio ya kuzungushia kiwanja), nimechelewa?

Mpangani

Wakuu habari za humu ndani. Mimi ni mtu wa Pangani kwa asili ila mwaka wa tatu huu niko Nairobi kikazi, kazi yenyewe ni ya kukaa mbele ya kompyuta mpaka macho yanawasha. Nina miaka 27. Mpira niliacha baada ya goti kunisumbua nikiwa chuo, gym nimelipia mara tatu na mara zote tatu nimeishia wiki ya pili, kwahiyo mnanielewa ni mtu wa aina gani.

Sasa Julai 2024 wakati wa olimpiki ya Paris nilikuwa kwa jamaa yangu tunasubiri mambo yetu mengine kwenye TV, mara namuona dada kavaa meupe juu mpaka chini, maski ya wavu usoni, mgongoni kaandikwa jina na KEN, anacheza upanga. Wenzangu wakaanza kucheka, mimi nikajikuta nimesogea karibu na TV. Ndio nikaja kumjua Alexandra Ndolo. Nikakaa nalo hilo jambo moyoni karibu mwaka mzima, nikiona video naangalia, mpaka juzi jumamosi nikajipa moyo nikaenda kwenye klabu moja hapa mjini.

Kilichotokea. Nusu saa ya kwanza hakuna upanga, ni kutembea tu, mbele nyuma mbele nyuma umekunja magoti kama mtu anayetaka kukaa halafu kiti hakipo. Leo jumanne na kushuka ngazi za ofisini nashika ukuta. Baadae wakanipa epe, ni aina mojawapo ya zile panga, wakanipanga na dogo mmoja, miaka kumi na mbili hivi, ana sauti bado nyembamba, kanipiga 5-0. Pointi ya kwanza alinigusa kwenye kidole gumba kabla sijajua kama tumeanza. Akaja akanipa mkono vizuri kabisa, "asante sana uncle". Hiyo uncle imeniuma kuliko zile pointi tano.

Maswali yangu. Kwanza umri, maana naona wenzangu wote walianza na miaka saba nane, je kuna kitu mtu wa 27 anaweza kupata huku au nitakuwa natoa burudani kwa watoto tu. Pili silaha ziko tatu, nianze na ipi. Tatu mimi ni mashoto, na pale klabu glavu ya mkono wa kushoto ipo moja na ina tundu, ninunue vifaa sasa hivi au nisubiri. Na usalama jamani, kile chuma nimekishika, ni chuma kweli.

NB: bi mkubwa nilimpigia nikamwambia nimeanza fensi, akanyamaza kidogo, akauliza kwa furaha "umepata kiwanja mwanangu?" Nikamwambia hapana mama, ni mchezo wa panga. Hapo ndio nikaharibu kabisa. Ameniambia nirudi nyumbani.

Bwana_Kachori

Jina lako Mpangani halafu umeenda kucheza panga, jina limekuponza mkuu. Nimekaa pale nasubiri wataalamu.

MzaramoKöln

Mkuu umenikumbusha mbali sana. Mimi nilianza 2017 nikiwa na miaka 24, nimekuja kusoma huku Ujerumani, sina rafiki, baridi inaingia mpaka kwenye meno, chuo kilikuwa na kozi ya wanaoanza ya bei ndogo na ukumbi ulikuwa na hita. Nakwambia ukweli niliingia kwa sababu ya hita.

Umri kwanza. Kama unawaza kwenda olimpiki hapo sikudanganyi, wengi wanaofika huko wameshika upanga kabla hawajajua kuzidisha. Lakini huyohuyo dada aliyekutoa kwenye kochi naye hakufuata ile njia ya kawaida, alipitia pentatloni ya kisasa kwanza, ule mchanganyiko wa kukimbia, kuogelea, kulenga shabaha na, enzi hizo, farasi, ambao upanga ni kipande kimoja tu ndani yake, ndio baadae akabaki na epe peke yake. Baba Mkenya mama Mpolandi, kazaliwa hukuhuku, kachezea Ujerumani miaka mingi, akachukua medali ya fedha ya mashindano ya dunia Cairo 2022, na mwaka uleule akahamia Kenya. Mwaka uleule mkuu! Mtu ana medali ya dunia shingoni anaacha timu yenye makocha, madaktari na bajeti anakwenda kuanza na sifuri. Kisha april 2024 akashinda mchujo wa Afrika kule Algiers ndio ukamuona Paris, na hapo alikuwa na miaka 37. Sasa wewe 27 unalia nini.

Ila kwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe swali la umri lina jibu jingine. Huu mchezo una madaraja ya wakubwa, kuanzia miaka 40 kuna mashindano ya maveterani, na maveterani wana mpaka mashindano yao ya dunia, kuna babu mmoja klabuni kwetu anatembea na fimbo kutoka kwenye gari mpaka mlangoni, akifika anaiweka fimbo pembeni anachukua epe, na sijawahi kumfunga. Sitanii. Hasogei. Anasimama anakusubiri ukosee, na wewe kwa kuwa una miguu utakosea tu.

Na hapo ndio jibu la yule dogo wako. Hakukushinda kwa kasi. Amekushinda kwa umbali, yeye anajua kwa kuangalia tu kwamba hapa ulipo mkono wako haunifikii na hapa unanifikia, wewe bado hujui, kwahiyo unaingia kwenye mkono wake mwenyewe kama mtu anayeingia mlango wa kioo. Na kidole gumba ulichopigwa ni kwa sababu kwenye epe mwili wote ni halali, unyayo mpaka maski, na kilicho karibu zaidi na adui yako siku zote ni mkono ulioshika upanga. Anayeanza anaunyoosha nje ya kikombe cha upanga, ile kinga ya duara mbele ya kishikio, anaacha kiganja wazi. Kifiche nyuma ya kikombe, kiwiko kisitoke pembeni, utaona atakavyohangaika kutafuta pa kugusa.

Silaha. Foili ni nyepesi, unagusa kwa ncha na kiwiliwili tu, mikono na miguu haihesabiki, halafu kuna sheria ya nani alianza kushambulia, mkigusana wote wawili refa ndiye anaamua nani alikuwa na haki. Seba ni kuanzia kiunoni kwenda juu na unaruhusiwa kukata sio kuchoma peke yake, ni fujo tupu, pointi inaisha kabla hujapumua, na sheria ya nani alianza ipo huko pia. Epe haina hiyo sheria. Aliyegusa kwanza kapata, mkigusana pamoja ndani ya sehemu ya 25 ya sekunde taa zote mbili za mashine ya pointi zinawaka, kila mtu anaandikiwa yake. Kwa mtu mzima anayeanza na hana muda wa kusoma sheria miaka miwili mimi nasema epe, na sisemi kwa sababu ni yangu. Basi sawa, ni kwa sababu ni yangu pia.

Kuhusu miguu, usiache. Miezi mitatu ya mwanzo ni miguu. Mimi nilikuwa nafanya jikoni nikisubiri wali uive, mbele mbili nyuma moja, jirani wa chini alikuja kugonga.

Wambo_SouthB

Niaje Mpangani, karibu Nairobi hata kama ni miaka mitatu late. Mimi nilianza nikiwa 29, sai niko 31, na niko na watoi wawili, so hiyo story ya kuchelewa tuiwache kando.

Vitu za kununua: usinunue seti yote sai. Watu wengi huja session mbili wakapotea na jacket iko kwa kabati mpaka leo. Lakini wewe ni mashoto na hiyo inabadilisha mambo kidogo, juu jacket ya fensi zip yake huwa upande ule mwingine, yaani mkono wa silaha ukiwa kulia zip iko kushoto, ndio ncha isiteleze ikaingia kwa zip. Ukivaa ya watu wa kulia umejiweka zip mbele ya adui. Kuna zile za zip ya nyuma, uliza klabu kama wako nazo, hizo hazijali mkono. Na kishikio pia, kile cha kama bastola kimechongwa kufuata vidole, cha kulia hakikuingii hata ukilazimisha. So anza na glavu, ni bei ya chini na hutataka kuvaa ya watu wengine, jasho ya fensi inanuka vibaya mimi nakuambia. Halafu ukimaliza miezi kama mitatu na bado unakuja, maski. Maski usinunue ya mtumba hata siku moja, huwezi jua ilianguka wapi na wavu umelegea aje. Kwa klabu kocha huifinya na kile kifaa cha kutest, ya mtandaoni unafinya na nini.

Kizuri cha kuwa mashoto ni utasumbua watu sana. Sisi wote tumezoea mtu wa kulia, mkono wake uko mahali tunajua. Mashoto akikuja kila kitu iko upande mbaya. Enjoy hiyo mwaka wa kwanza juu baadaye wanakuzoea.

Michubuko utapata. Mkono wa juu, paja, mara moja nilipata kwa ubavu siku tatu kabla ya harusi ya cousin yangu, na nguo ilikuwa ya mkono mfupi, shangazi mmoja akanivuta kando akaniuliza polepole kama nyumbani kuko sawa. Nilimwonyesha video ndio akaamini. Sai yeye ndio hunitafutia wateja wa fensi kanisani.

Mpangani

Dada Wambo asante sana, hilo la zip nisingelijua kamwe, jumamosi nilivaa ya kulia nikajiuliza mbona inafungia upande wa ajabu. MzaramoKöln shikamoo mkuu, umenipa moyo. Ila la usalama hamjanijibu vizuri mnazungukazunguka. Nimeona klipu ya mtu upanga umemkatikia mkononi. Ukikatika ile ncha iliyobaki si ndio mkuki kabisa?

MzaramoKöln

Marahaba, ingawa tumepishana miaka michache tu, usinizeeshe.

Swali zuri na lina historia mbaya. 1982 Rome, mashindano ya dunia, Vladimir Smirnov wa Sovieti, alikuwa bingwa wa olimpiki wa foili wa Moscow 1980, anacheza na Mjerumani Matthias Behr, upanga wa Behr ukakatika katikati ya shambulio na kile kipande kikapita kwenye wavu wa maski ya Smirnov. Akafa. Mambo mengi unayoyaona leo pale klabu yametokana na siku ile. Maski zikaimarishwa, zikaja nguo za kitambaa kigumu kama cha fulana za kuzuia risasi, vyuma vikabadilishwa aina kwa mashindano makubwa ili ufa usitembee haraka. Kizibao kile kidogo cha ndani, cha kwapa moja, wanaita plastroni, cha kiwango cha juu ni cha newtoni 800, yaani kipimo cha nguvu kinayoweza kuhimili bila kutoboka, na kinakaa chini ya jaketi upande wa mkono wa silaha, mshono wake haukai kwapani makusudi. Mtu akikwambia joto leo acha plastroni, huyo muondokee.

Kwahiyo ndiyo, upanga unakatika, mimi umenikatikia mara nne hivi, unasikia "pa" kama fyuzi, wote mnasimama, unaokota kipande mnacheka. Kinachoumiza watu kwenye fensi ni kifundo cha mguu na goti. Wewe mwenye goti la chuo hapo ndio pa kuangalia. Ukijirusha mbele goti lisipitilize vidole vya mguu na lisiangukie ndani, liende sawa na unyayo. Mwambie kocha mapema kuhusu hilo goti, usijifanye mwanaume.

Mti_Mkavu

Mimi nitakuwa mkweli japo nitachukiwa. Huu ni mchezo wa wazungu wenye hela na watoto wa mabalozi. Kijana wa Pangani unaacha bao, unaacha mpira wa ufukweni, unakwenda kujifunza kusema "ongaad", yaani kaa tayari, kwa kifaransa. Tuna michezo yetu.

Wambo_SouthB

Mti Mkavu kuja siku moja Mathare na Huruma uone hao watoto wa mabalozi. Mburu Wanyoike ameanzisha klabu ya fensi ya Tsavora huko, watoi wa mtaa wenyewe wanafanya footwork nje kwa simiti, viatu za kila aina. Na Misri iko na medali ya olimpiki ya fensi tangu London 2012, Abouelkassem, foili, hiyo ndio ilikuwa ya kwanza ya Afrika. Ines Boubakri wa Tunisia shaba Rio 2016. Paris, siku ileile Ndolo alicheza, Mtunisia mwingine Fares Ferjani akachukua fedha ya seba. Mzungu ako na mchezo wake lakini hiyo medali iko Tunis.

Hela ni ukweli lakini, hapo sikatai. Vifaa ni ghali na ukiagiza nje kodi inaweza fanya ulie. Ndio maana nasema tumia za klabu.

Kijana_wa_Mkomani

Assalaam aleikum. Mimi mtu wa Lamu na hili la "michezo yetu" limenichekesha kidogo. Sisi huku tuna kirumbizi, watu wawili na fimbo, ngoma na zumari, Maulidi ukija utaona vijana na wazee wote wanaingia uwanjani. Wanaingia kwa madaha, wanazungukana, fimbo inanyooshwa mbele, anampima mwenzake macho, hapigi, anajifanya anapiga, mwenzake akitikisika tu ndio anaingia. Huyo mzee wa Köln asiyesogea mimi namjua, yuko huku pia, anauza tambuu.

Niliwahi kuangalia fensi kwa simu na babu yangu, nikamwambia babu hawa wanacheza epe. Akaangalia kama dakika tano hivi, akasema "huyu wa kushoto anaogopa, aangalia fimbo, haangalii mtu". Wa kushoto akapoteza. Babu hajui hata Ufaransa iko wapi.

Kwahivyo ndugu Mpangani usihisi umetoka nje ya kwenu. Upanga pwani hii ulikuwako, hata kitara, ule upanga uliopinda, neno letu.

Bwana_Kachori

"Aangalia fimbo haangalii mtu." Babu apewe maua yake.

MzaramoKöln

Kijana wa Mkomani huyo babu yako angelipwa hela nzuri sana huku. Kocha wangu alinirudia sentensi hiyohiyo miaka miwili nzima, kwa Kijerumani na kwa makelele.

Kitu kimoja nilisahau. Mpangani, salamu. Kabla ya kuanza unanyanyua upanga unamsalimia mwenzako, refa na watazamaji, na ukimaliza unamsalimia tena, hata ukiwa umepigwa 5-0 na mtoto. Usiichukulie kama mapambo. Milan 2023 Olga Kharlan wa Ukraine alimfunga Mrusi halafu akakataa kumpa mkono kwa sababu ya vita, akanyoosha upanga wake tu, wakamtoa mashindanoni. Makelele yakawa makubwa mpaka sheria ikalegezwa, siku hizi kupeana mkono si lazima ila salamu ya upanga iko palepale. Mimi kwa sisi watu tuliolelewa kwa shikamoo naona hii sehemu tunaizoea haraka kuliko wenzetu.

Mpangani

Wakuu nimerudi kutoa mrejesho, ni wiki ya saba sasa na sijaacha, ambayo kwangu peke yake ni rekodi.

Goti nilimwambia kocha, kanipunguzia kujirusha, ananifanyisha hatua fupifupi na kukaa chini zaidi. Ngazi nashuka bila ukuta. Nimezoea kuchomeka ule waya, unapita ndani ya mkono wa jaketi, mwisho mmoja kwenye kikombe cha upanga, mwingine nyuma kiunoni unaunganishwa na roli inayovuta waya ukienda mbele na nyuma. Siku ya kwanza nilisahau kuchomoa nikaondoka kwenda kunywa maji, mashine nusura inifuate.

Yule dogo nimecheza naye tena jumamosi. 5-3. Nimefungwa ndio, ila tatu zile ni zangu. Moja tuligusana pamoja hiyo tusiihesabu sana. Ya pili alinijia kwa papara kwa sababu alikuwa ananiongoza, mimi nikabaki nimenyoosha mkono tu kama babu wa Köln, akaingia mwenyewe. Ya tatu ndio nzuri. Nilikumbuka maneno ya babu wa Lamu nikaacha kuangalia chuma nikamuangalia yeye, nikaona bega lake linashuka kidogo kabla hajaja, kila mara linashuka, nikasubiri bega, lilivyoshuka nikapiga kiganjani. Taa yangu ikawaka peke yake. Dogo akasimama akaangalia mkono wake, akaniangalia, akasema "uncle umefanya nini hapo, fanya tena". Tukakaa robo saa nzima baada ya mazoezi ananiomba nimrudie, nikamwambia siri ni bega, yaani nimemuuzia silaha yangu pekee bure kabisa.

Bi mkubwa nimemtumia video. Kaangalia mara mbili, kajibu kwa sauti: "Sasa mbona huyo mtoto anakupiga na wewe ndio mkubwa?"

Halafu ile glavu niliyoagiza mtandaoni imefika leo mchana, nimeifungua hapa ofisini mbele ya watu kwa mbwembwe zote. Ni ya mkono wa kulia.

Wambo_SouthB

😂😂😂 Usirudishe. Kuna jamaa klabu yetu aliagiza ya kulia akaletewa ya kushoto, amekaa nayo tangu mwaka uliopita. Size gani?

Mpangani

9. Niambie ni 9 dada.

Wambo_SouthB

8. Lakini inavutika.